Mtoto hataki mboga, na tunda ni ndizi tu: nifanye nini?

Swali: Assalamu alaikum. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Wete, Pemba. Mwanangu mkubwa ni wa kike, ana miaka minne na nusu, asubuhi yuko skuli ya maandalizi na jioni chuoni, kwenye madrasa. Anakula wali mweupe na samaki wa kukaanga, basi. Mchicha akiuona anafunga mdomo, na nikimlazimisha anautapika. Tunda analolikubali ni ndizi peke yake. Tunakaa nyumba moja na mama mkwe wangu, na mtoto akilia kidogo bibi yake humpa juisi ya paketi na biskuti. Mume wangu anaona dawa ni bakora. Jirani kanambia kuna dawa ya maji ya kuleta hamu ya kula, inauzwa dukani. Naogopa mwanangu atapungukiwa na damu. Nifanye nini?

Jibu: Waalaikumu ssalaam, dada yangu. Nitaanza na bakora na ile dawa ya jirani, kwa sababu hivyo viwili vinaweza kumdhuru mtoto wiki hii hii. Mchicha unaweza kungoja.

Dawa nyingi zinazouzwa kwa sifa ya kuleta hamu ya kula zina saiproheptadini, ambayo asili yake ni dawa ya mzio. Ni kweli mtoto akiinywa huongeza kula. Pia husinzia, mdomo humkauka, na dawa ikikatwa hamu hurudi pale ilipokuwa. Isitoshe, hamu yenyewe haichagui: anayependa wali na biskuti atazidisha wali na biskuti. Dawa hiyo ina kazi yake kwa baadhi ya wagonjwa, baada ya daktari kumpima mtoto na kuandika kipimo. Kwa mtoto anayecheza, anayesoma na kulala vizuri, iache dukani.

Bakora nayo ni hivyo hivyo. Mtoto anayepigwa mbele ya sinia anajifunza kuuogopa mchicha, na mwili ulioshikwa na hofu hausikii njaa. Kumbana pua au kumshindilia tonge huku analia ni hatari zaidi, maana anayelia anavuta pumzi kwa nguvu na chakula kinaweza kuingia njia ya hewa. Mwambie mume wako nimemuwekea kazi nyengine, iko mbele huko, na anayeiweza ni yeye tu.

Sasa tuje kwenye barua yako. Umeandika zaidi kuhusu mchicha, lakini mimi jicho langu limebaki kwenye zile biskuti. Hebu fuata siku ya mtoto wa maandalizi ilivyo katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba. Asubuhi chai yenye sukari na andazi au kipande cha boflo. Wakati wa mapumziko ana vijisenti mkononi, na nje ya ukuta wa skuli kuna ubuyu wa rangi, barafu na vitu vya paketi. Saa sita anarudi, chakula bado kiko jikoni, analia. Juisi na biskuti zinatoka. Saa nane sinia linatua mkekani na mtoto anaulizwa kwa nini hali.

Geuza hiyo paketi ya juisi usome nyuma. Ikiwa imeandikwa gramu 11 za sukari kwa kila mililita 100, paketi ya mililita 250 ina karibu gramu 28, yaani vijiko saba vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kutiwa, pamoja na ile iliyomo ndani ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ambayo mtu anaipata kwa siku. Kwa msichana wa umri huu, anayehitaji kama kilokalori 1,200, hiyo ni gramu 30 hivi. Paketi moja imeshakaribia kuimaliza siku. Tia na pakti ndogo ya biskuti ya gramu 50, na mtoto amepata zaidi ya robo ya nguvu anayoihitaji kutwa nzima kabla kawa halijafunuliwa. Huyo ameshiba. Mtu aliyeshiba hula kile anachokipenda sana, au hali kabisa, na hata sisi watu wazima tuko hivyo.

Kuna jambo jengine ambalo wazazi hawaambiwi mapema. Mtoto katika mwaka wake wa kwanza huufikisha uzito aliozaliwa nao mara tatu. Kuanzia miaka miwili hadi mitano anaongeza kama kilo 2 tu kwa mwaka. Hamu yake inapungua kwa sababu ukuaji umepunguza mwendo. Na umri huo huo, baina ya miaka miwili na sita, ndio watoto wanaoshuku kila chakula wasichokijua. Wako si wa ajabu.

Kwa hiyo kabla ya kugusa mchicha, tengeneza saa. Chakula cha asubuhi, kitu kidogo saa nne, tunda akirudi saa sita, chakula cha mchana, kitu kidogo alasiri kabla ya chuoni, chakula cha usiku. Baina ya hapo ni maji tu. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, amejulikana kwa kugawa kazi hivi: mzazi anaamua nini kinaletwa, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua kula au kutokula, na kiasi gani. Ukiingia kwenye kazi yake, atakushinda, kwa sababu mdomo ni wake. Akiingia kwenye kazi yako, ndiyo hizo biskuti za saa sita.

Siku za mwanzo atalia. Hapo ndipo bibi anapohitajika, na naomba twende polepole kidogo, maana nyumba nyingi zimeharibikia hapa.

Usimwendee mama mkwe wako na orodha ya makatazo. Yeye amelea watoto, akiwemo huyo mume wako, na biskuti kwake ni mapenzi. Ukimwambia "usimpe", umemnyima njia ya kumpenda mjukuu wake, na atampa kwa siri. Mpe kazi badala yake. Mwambie: "Mama, nakuomba saa sita mtoto akirudi umkate papai wewe, mimi niko jikoni na kwako ndiko anakosikiliza." Mkabidhi bibi kisu, sahani na tunda, na wakati uwe ule ule aliokuwa akitoa biskuti. Chakula chenyewe kisogeze, kama nyumba yenu inaweza, kiwe tayari saa saba badala ya saa nane. Saa moja hiyo ina thamani kwa mtoto aliyetoka skuli na njaa. Bibi akimenya chungwa huku anahadithia, mtoto atakula pegi moja, kisha ya pili. Nimeona watoto waliokataa embe kwa mama zao wakilila kwa bibi kwa sababu bibi alilikata mikato ya miraba, akaligeuza likachanua, na hakumsemesha mtoto lolote.

Juisi isiondolewe kwa vita. Wiki ya kwanza isinunuliwe ya akiba ndani ya nyumba, kwa sababu kisichokuwepo hakiliwi. Juisi ya nyumbani ya bungo au ukwaju nayo ina sukari tunayoitia wenyewe kwa mkono mzito, basi ihesabu kuwa ni kitu cha wageni na cha futari. Madaktari wa watoto wa Marekani wanaweka mpaka wa mililita 120 hadi 180 kwa siku kwa mtoto wa miaka minne hadi sita, hata ikiwa ni juisi ya matunda matupu. Hiyo ni kikombe kidogo cha chai.

Mtoto akishakuja mkekani na njaa yake, ndipo tuutazame huo mchicha. Umesema anautapika. Kaa naye karibu siku moja utazame kinachotokea mdomoni. Mara nyingi shida iko kwenye vile vijiti: mchicha uliokatwa mikato mirefu una nyuzi, mtoto anatafuna majani, yanashuka, na uzi unabaki nusu kooni nusu ulimini. Hapo anakabwa na kutapika, na wewe unaona ukaidi. Chambua majani peke yake, vijiti vyororo vikate vidogo kama punje za mchele, vigumu vitupe. Osha kabla ya kukata. Kaanga kitunguu na nyanya kidogo, tia majani, dakika chache tu, kisha tui zito mwishoni na chumvi kidogo. Hilo tui si anasa. Vitamini A iliyomo kwenye majani ya kijani na vitu vya rangi ya machungwa huhitaji mafuta ili mwili uinyonye, kwa hiyo wazee wetu waliotia nazi kwenye mchicha hawakukosea. Kisamvu ndicho kinyume chake: lazima kitwangwe na kichemshwe sana, kwa ajili ya sumu ya asili iliyomo kwenye majani ya muhogo. Usikipike haraka haraka kama mchicha.

Bamia kwa mtoto huyu ziache kwanza, kwa ajili ya utelezi. Mchunga pia, kwa uchungu wake; ulimi wa mtoto unausikia uchungu kuliko wetu. Anza na vitamu: boga la nazi, karoti iliyopikwa ndani ya mchuzi mpaka ikalainika, mumunye, kisha mchicha, kisha biringani. Ikiwa anapenda wali mweupe, boga lililopondwa pembeni ya wali huo lina nafasi nzuri. Wazazi wengine huponda karoti ndani ya mchuzi wa samaki bila kumwambia mtoto. Sina ugomvi na hilo, ila liende pamoja na kipande kinachoonekana, la sivyo mtoto atafika miaka kumi hajaijua karoti kwa sura.

Kiasi? Kijiko kimoja cha chai. Ndiyo, kimoja, pembeni ya kile anachokipenda, bila neno lolote. Watafiti wa ulaji wa watoto wameona kwamba chakula kipya huhitaji kuonjwa mara 8 hadi 15 kabla mtoto hajakikubali, na wazazi wengi wanakata tamaa baada ya mara tatu nne. Kuonja kunatosha, kumeza si lazima. Mfundishe kutema kwa adabu, kwenye karatasi, bila kufanya mchezo. Mtoto anayejua kwamba anaweza kukitema ana ujasiri wa kukitia mdomoni. Na acha ile biashara ya "ukimaliza mchicha nitakupa biskuti". Kwa bei hiyo umeshamwambia biskuti ni tuzo na mchicha ni adhabu.

Kazi ya baba ni hii: ale mboga, mtoto akiona. Wewe unajua, na mimi najua, kuna wanaume wetu ambao wakiona majani kwenye sinia wanasema "mimi si mbuzi", watu wanacheka, mtoto naye yupo anasikiliza. Neno hilo moja linabomoa wiki nzima ya kijiko chako cha chai. Baba akae sinia moja na mwanawe, achote mchicha kwa tonge kubwa, ale kwa raha zake na asimsemeshe mtoto kuhusu mboga kabisa. Asimsifu hata akila. Tena mtoto ale pamoja na nyinyi, si mapema peke yake mbele ya simu. Kwa kuwa kwenye sinia la pamoja huwezi kujua nani kala nini, mpakulie kisahani chake kidogo kando ya sinia lile lile.

Matunda ni rahisi zaidi, na Pemba hamna udhuru. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linasema mtoto wa miaka miwili hadi mitano apate angalau gramu 250 za matunda na mboga kwa siku, wa miaka sita hadi tisa gramu 350, na kuanzia kumi gramu 400. Muhogo, viazi na majimbi havimo kwenye hesabu hiyo. Ndizi ya wastani bila ganda ni kama gramu 100, kwa hiyo ukimpa hiyo ndizi anayoipenda umeshatembea karibu nusu ya njia. Kipande cha papai cha saa sita gramu 100 nyengine. Kinachobaki ni vijiko vikubwa vitatu vinne vya boga au mchicha, na hata akila kimoja leo hakuna kilichoharibika.

Itumie hiyo ndizi ikuvushe. Ikate vipande, weka na vipande viwili vya papai sahani moja. Kesho ndizi na embe. Usiichanganye ikawa uji, ataikataa na ndizi yenyewe. Fuata msimu, kwa sababu tunda la msimu ni tamu na rahisi: maembe kuanzia mwisho wa mwaka, machungwa yakishuka bei, shokishoki zikijaa sokoni. Mapera watu wanayadharau kwa kuwa yanaanguka chini ya miti bure. Kwa uzito ule ule pera lina vitamini C karibu mara nne ya chungwa. Naona kina mama wananunua tufaha za kuagizwa kwa bei ya kilo nzima ya mapapai, wakidhani mtoto anapata kitu bora. Hapati.

Watoto wetu, hasa wa shamba, hawayachukii matunda. Wanapanda miti kutafuta embe mbichi, wanakula zambarau mpaka ulimi ukawa wa buluu. Mpe wako nafasi hiyo: aende na bibi kuokota, au sokoni achague papai mwenyewe. Kama una uwanja mdogo au beseni bovu, mpandishe mchicha. Baada ya wiki tatu nne unachumwa, na mtoto aliyeumwagilia ana hamu ya kuuonja. Kwa umri wake tahadhari na kokwa. Shokishoki mtolee kokwa na umkatie nyama yake, zambarau na kunazi pia, na asile huku anakimbia. Kila kinacholiwa kibichi kioshwe kwa maji safi na salama. Maradhi ya kipindupindu tunayajua sote.

Kuhusu damu, hofu yako ina msingi, maana upungufu wa damu kwa watoto wadogo ni tatizo la kweli hapa visiwani. Lakini mchicha peke yake hautoshi, kwa kuwa madini ya chuma yaliyomo kwenye majani hunyonywa kwa shida. Yanahitaji msaada, na msaada wenyewe unao jikoni. Ndimu ikamuliwe juu ya mchicha au mchuzi baada ya kuipua, kwa sababu moto unaua vitamini C. Samaki anaowapenda ale pamoja na hiyo mboga kidogo, maana samaki na nyama husaidia chuma cha majani kuingia mwilini. Maini mara moja kwa wiki, mkipata, na dagaa. Na chai asinywe pamoja na chakula. Chai ya rangi inakifunga chuma tumboni; ikibidi, iwe saa moja au zaidi baada ya kula. Huyu wa miaka minne hana haja ya chai hata kidogo, ila najua ninapoandika hivi kuna bibi mahali ananicheka.

Minyoo nayo inakula damu na kuondoa hamu. Yeye bado hajafika miaka mitano, kwa hiyo ana haki ya matone ya vitamini A na dawa ya minyoo kila miezi sita. Tazama kadi yake kama hajarukwa.

Mpe mpango huu wiki nne hadi sita bila kubadilisha kila siku. Usingojee muda huo ikiwa uzito unashuka au umesimama kwenye kadi, viganja na ndani ya kope vimekuwa vyeupe, anachoka kwa mchezo mdogo, anakula udongo au mkaa, anapata choo kigumu chenye maumivu, anakabwa hata na vyakula laini, au vyakula anavyovikubali vinazidi kupungua badala ya kuongezeka. Nenda naye kituo cha afya wapime damu na choo. Chukua kadi ya kliniki, na uandike kwenye karatasi kila alichokitia mdomoni kwa siku tatu mfululizo, saa kwa saa, pamoja na alichokipata kwa jirani na nje ya skuli.